Maji Yaja Lodwar, Stima Yaenda Lessos

Ukisimama ukingoni mwa mto Turkwel hapa Lodwar, jua ya kwamba mengi ya maji yale yameshafanya kazi kabla ya kukufikia. Huko juu, karibu na mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi, yalizuiwa na bwawa lenye ukuta wa mita 153, yakazungusha mitambo, ndipo yakaachiliwa. Mitambo hiyo ilianza kazi mwaka wa 1991, na uwezo wake ni megawati 106. Mbona basi Lodwar kwa miaka mingi imewashwa na jenereta za dizeli?

Jibu liko kwenye waya. Laini kutoka Turkwel ilielekezwa kusini hadi Lessos, ikaunganishwa na gridi ya taifa. Sisi tuko kaskazini.

Wengine husema, "Si wangetuvutia tu waya mmoja?" Haiwi hivyo. Laini ile hubeba volti 220,000, ilhali balbu ya nyumbani hutaka 240. Kumbukeni fizikia ya kidato cha tatu: joto linalopotea kwenye waya ni mraba wa mkondo mara ukinzani. Ukipandisha volti mara kumi, mkondo unaobeba nguvu zile zile hupungua mara kumi, na hasara ya joto hupungua mara mia! Kwa hivyo stima ya safari ndefu hupandishwa volti, na inaposhuka sharti pawe na transfoma kubwa. Hiyo ni mali ya pesa nyingi, haijengwi kwa ajili ya boma mbili tatu.

Ng'ambo ya ziwa, kule Loiyangalani katika Marsabit, mambo yalikuwa yayo hayo. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka wa 2017, lakini gridi haikupata hata stima ya kuchemshia chai mpaka laini ya Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilipokwisha mwaka wa 2018. Upepo ulivuma bure.

Kalobeyei, jirani ya Kakuma, wametumia njia nyingine. Paneli za sola ziko pale pale walipo wateja, waya ni mfupi, na betri huweka akiba ya usiku. Tena mwaka wa 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za sola kwa kaunti 14 zilizo mbali na gridi, Turkana ikiwemo. Mimi nasema tusiache kudai laini, maana kiwanda hakiendeshwi kwa betri usiku kucha. Lakini friji ya chanjo na taa ya kusomea haziwezi kungojea Lessos. Jua tunalo. Mwenye shaka na atembee Kakuma saa saba mchana bila kofia.