Baba amebadilika, wanasema karogwa

*Shangazi, niko hapa Ilula, Iringa. Baba yangu ana miaka 58, analima nyanya na kuziuza mwenyewe barabarani. Ametumia dawa za kufubaza VVU kwa miaka mingi. Tangu mwaka jana anasahau nani kamlipa, anahesabu matenga mara mbili mbili, na kufunga vifungo vya shati kunamchukua muda. Baba mdogo anasema karogwa. Anataka aache dawa apelekwe kwa mganga. Nifanyeje?*
Binti, Ilula

Mwanangu, kwanza kabisa, baba asiache dawa hata siku moja. Kwa mganga au kwenye maombi, popote mtakapompeleka, kidonge chake kiwe mfukoni.

VVU huingia kwenye ubongo mapema, wiki za mwanzo tu za maambukizi, vikibebwa na chembe nyeupe za damu. Seli za fahamu zenyewe havizivamii sana. Hukaa ndani ya seli za ulinzi zilizo jirani nazo, na hizo zikichokozwa miaka nenda miaka rudi hutoa kemikali zinazozidhoofisha seli za fahamu. Ndiyo maana mtu huwa mzito: mzito wa kufikiri, mzito wa mikono, na anasahau. Dawa zimepunguza sana hali ile mbaya ya zamani, lakini shida ya wastani bado ipo. Kule Kilimanjaro, watafiti waliwapima wenye VVU wa miaka 50 na kuendelea, wakaikuta kwa karibu nusu yao. Nasi Iringa, ambako utafiti wa 2022 hadi 2023 ulikuta watu wazima 11 katika kila 100 wanaishi na VVU, tunao wengi wanaozeeka na virusi hivyo. Wapo wanaoambiwa wamerogwa, na hilo linaniuma.

Nenda naye CTC, yaani kliniki yake ya VVU, msingoje tarehe ya kadi. Ombeni kipimo cha wingi wa virusi. Vikiwa juu, huenda vidonge anavisahau pia, au virusi vimezoea dawa. Visipoonekana, msiishie hapo: presha, sukari, kaswende na sonona huleta hali kama hii, na vinatibika. Akipata kichwa kikali chenye homa, shingo kukaza au upande mmoja kulegea, hospitali siku hiyo hiyo.

Ulizeni pia kipimo cha dalili hizi kilichojaribiwa Kampala na kutangazwa 2005. Mgonjwa hutajiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Hugonganisha kidole gumba na cha shahada upesi upesi, kisha huweka mkono mezani kwa zamu: ngumi, kiganja, ubavu. Mwisho huulizwa yale maneno. Hakihitaji mashine wala kujua kusoma. Usimpime wewe mbele za watu, utamwaibisha.

Biashara asinyang'anywe. Kaa naye na daftari, kila tenga linaloondoka liandikwe na jina la mnunuzi. Bei apatane mwenyewe. Na baba akiridhia, baba mdogo afuatane nanyi CTC, amuulize mhudumu maswali yake yote.