SOMO LA KIKUNDI: NANI ANASIMULIA?

Wanakikundi wa Gataka, kabla ya kuamini hadithi, ulizeni nani anaisimulia.

Chukueni habari ya ardhi ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliandikwa kwa sauti ya serikali ya mkoloni. Ukiusoma utafikiri wazee walikubali tu kuhama Bonde la Ufa, wakaahidiwa Laikipia na eneo la kusini kwa muda wote Wamaasai watakapokuwapo. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wakatolewa Laikipia.

Sasa isimulieni kwa mdomo wa mama aliyehama kwa miguu, mtoto mgongoni, akiswaga punda. Je, neno "walikubali" litabaki pale pale? Mwaka 1913 malalamiko ya Ole Njogo na wenzake yalisikilizwa kortini. Kesi ilitupwa, lakini upande wao nao ukaandikwa.

Msimulizi wa "mimi" hutuonyesha moyo wake, ya wengine hayajui. Msimulizi wa "wao" huonekana hana upande, kumbe ndiye aliyechagua la kusema na la kuacha.

ZOEZI: Mzee anauza ploti. Isimulieni mara tatu: kwa mdomo wa mzee, wa mkewe, na wa mnunuzi. Kisha jadilianeni:

1. Nani anasema?
2. Ni jambo gani hawezi kulijua?
3. Nani hajaulizwa?

Msiweke kidole kwenye karatasi yoyote kabla ya kulijibu swali la tatu.