Dondoo muhimu: Mapeasi katika mvinyo mwekundu

Chagua mapeasi magumu kidogo. Yaliyoiva sana yatavurugika. Menya, acha vikonyo. Mvinyo mwekundu wa Dodoma, ule usio mtamu, unatosha kabisa, usihangaike na chupa ya bei mbaya. Chemsha chupa moja na sukari gramu 150, mdalasini, karafuu 3 na ganda la chungwa. Epuka sufuria ya alumini, kwani asidi ya mvinyo huibabua. Tumbukiza mapeasi, moto mdogo, dakika 25 hivi, ukiyageuza, hadi kisu kipenye bila kukwama. Yalaze humohumo usiku kucha ili rangi iingie ndani. Kesho yake yatoe, chemsha mchuzi uwe mzito, umwagie juu. Kilevi hakiishi chote motoni. Kwa wasiokunywa, tumia juisi ya rozela.