Kufundisha Habari za Tope: Kazi za Wanajiolojia wa Ziwa Viktoria

Mtoto wa Mwanza hulijua ziwa kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo mwalimu anayelieleza darasa la sita kwamba ziwa hili liliwahi kukauka, hata mtu angaliweza kwenda Entebbe kwa miguu, atarajie kuulizwa: “Nani aliona?” Swali hilo ni la haki, wala halifai kuzimwa kwa kusema kwamba ndivyo walivyoandika wataalamu. Ajibuye hivyo humfundisha mtoto kuheshimu jina la mtaalamu tu, wala si elimu yake.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Mwaka 1969 Robert Kendall, Mmarekani, alichapisha uchunguzi wa tope alilolitoa katika ghuba ya Pilkington, upande wa Uganda. Kwa kuchunguza chavua ya mimea iliyohifadhiwa katika matabaka ya tope hilo, alionyesha kwamba zamani maji yalipungua sana, na nchi ya kandokando ilikuwa ya nyasi kuliko misitu. Lakini ghuba ile ina kina kidogo. Tope lake halikuweza kusema kama katikati ya ziwa nako kulikauka.

Jibu lilikawia miaka 27. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake, wakiwamo watafiti wa Uganda, walichapisha makala katika jarida la Science. Walikuwa wamepeleka mawimbi ya sauti chini ya ziwa, yakarudi na habari kwamba chini ya tope laini liko tabaka gumu, hata penye kina kirefu. Walipoingiza mabomba na kulitoa tope, walikuta katika tabaka hilo vijizizi vilivyosimama wima. Nyasi haziwezi kuota chini ya mita 60 au 70 za maji. Palipo na mizizi ya namna hiyo palikuwa nchi kavu. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba maji yalianza kurudi yapata miaka 15,000 iliyopita.

Makala hiyo ilikuwa na kurasa tatu tu. Tumezoea kumpima mtaalamu kwa wingi wa maandiko yake, na kipimo hicho kina faida yake. Lakini uzito wa kurasa hizi ulionekana pale watu wa fani nyingine walipolazimika kuzijibu. Katika ziwa letu wamepatikana furu wa aina zaidi ya 500, na karibu wote hawako kwingineko duniani. Ikiwa ziwa lilikauka kabisa, je, aina zote hizo zilitokea katika miaka 15,000? Geoffrey Fryer, Mwingereza aliyewachunguza samaki wa maziwa ya Afrika kwa miaka mingi, alikataa katakata. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu hawa wana asili ya koo mbili za kale zilizochanganyika, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili. Basi aina zaweza kuwa mpya, hali urithi uliozitengeneza ni wa kale.

Zana za somo hili hazina gharama. Siku chache kabla ya kipindi, wanafunzi watie udongo wa mfinyanzi katika karai, wapande humo vipande vya nyasi pamoja na mizizi yake, kisha wauache juani mpaka ushikamane. Halafu wamimine juu yake tope laini na maji. Darasa jingine, lisiloona matayarisho hayo, liitwe lichunguze. Mwanafunzi wa kwanza achome kwa kijiti mahali mbalimbali, aeleze mkono wake unakwama wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mawimbi ya sauti. Wa pili asukume taratibu bua la jani la mpapai, alizibe kwa kidole, alitoe, na mwalimu alipasue kwa wembe. Wasiambiwe watakachokiona.

Wakiisha kuandika waliyoyaona, darasa ligawanywe pande mbili: upande mmoja udai kwamba karai lilikauka lote, wa pili udai kwamba pembeni palibaki maji. Kila upande useme ungechoma bua wapi ili kuushinda mwingine, kisha uchome.