Viza ya Mwekezaji Marekani: Hatua za Kufuata Kabla Pesa Haijatoka Kibosho

Viza ya mwekezaji ya Marekani, EB-5, huuzwa kama tiketi: toa pesa, pata kadi ya kijani, na mwenzi wako na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa wakufuate. Fungua karatasi zenyewe utakuta unanunua hisa katika ubia wa kujenga hoteli au maghorofa, kwenye mji ambao pengine hujaukanyaga. Kadi inakuja kwa mgongo wa hisa. Ndiyo maana mwenye malori au maduka kutoka Kibosho anayeulizia habari hii namwambia aanze na wakili wa dhamana, wa uhamiaji afuate. (Dhamana hapa si ya kumtoa mtu polisi. Ni hisa na hatifungani, kama ilivyo kwenye jina la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.)

Hatua ya kwanza: piga hesabu peke yako, bila dalali. Kwa sheria ya Machi 2022, kiwango ni dola 800,000 kama mradi uko kijijini au penye ukosefu mkubwa wa ajira, na dola 1,050,000 kwingineko. Kile cha chini ni takriban shilingi bilioni 2, na hapo hujalipa ada ya usimamizi ya mradi, mawakili wala ada za serikali. Kuanzia Januari 1, 2027 viwango vinapaswa kupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Pesa ya kila mwekezaji lazima izae ajira 10, na kadi ya kwanza ni ya miaka miwili, yenye masharti.

Kama hizo bilioni mbili ndizo zote ulizonazo, ishia hapa. Sheria inataka pesa yako iwe hatarini kweli, iweze kupotea. Anayekuahidi kwa mkataba kwamba utarudishiwa mtaji wako hata mradi ukifa amekuharibia ombi kabla hujalipeleka.

Hatua ya pili: tafuta wakili asiyelipwa na mradi. Utaletewa waraka wa toleo, yaani maelezo ya hisa zinazouzwa, ukiwa na jina la kampuni kubwa ya mawakili. Hao wanamtetea mwenye mradi, na waraka wameuandika ili yeye asishitakiwe. Wewe unahitaji wa kwako, aliyesajiliwa katika jimbo fulani la Marekani. Usajili huo huangaliwa bure kwenye orodha ya mawakili ya jimbo husika. Swali la kumuuliza ni moja: nani mwingine anakulipa kwa ajili yangu? Desemba 2015 tume ya dhamana ya Marekani, SEC, iliwachukulia hatua mawakili kadhaa wa uhamiaji kwa sababu walikuwa wakipokea kamisheni kutoka kwenye miradi waliyowapelekea wateja wao, bila kusajiliwa kama madalali wa dhamana. Mteja alidhani ana mshauri, kumbe ana muuzaji.

Na akija mtu kukuuzia ukumbini hapa Moshi, muombe leseni. Sheria yetu ya masoko ya mitaji ya mwaka 1994 haimruhusu kila mwenye suti kuuza dhamana.

Hatua ya tatu: someni waraka pamoja, mkianzia nyuma. Kurasa za mbele zina picha. Nyuma ndiko kuna nani analipwa kwanza mradi ukifilisika (kwa kawaida benki, kisha ninyi), nani anaweza kubadilisha matumizi ya pesa bila kuwauliza, na pesa inakaa akaunti ya nani kabla ombi halijapokelewa. Usidanganyike na maneno kwamba toleo “linafuata kanuni za SEC”. Matoleo haya hupita kwenye misamaha ya usajili, maana yake SEC haijaupitisha waraka huo. Msamaha mmoja unaotumika sana humtambua mwekezaji mwenye uwezo kwa mali inayozidi dola milioni 1, na nyumba unayoishi haihesabiwi. Kwa hiyo ghorofa unaloishi kihambani, kwenye shamba la ukoo, halikusaidii kitu hapo.

Kisa cha kukumbuka ni Jay Peak, eneo la mchezo wa theluji huko Vermont. Aprili 2016 SEC ilidai kwamba katika zaidi ya dola milioni 350 zilizochangwa na wawekezaji wa viza hii, kama milioni 200 zilitumika kinyume na ilivyoahidiwa. Wakuu wa mradi baadaye walifungwa. Waraka wao ulikuwepo, tena mzuri.

Hatua ya nne: onyesha pesa ilikozaliwa. Hapa ndipo watu wa mlimani Kilimanjaro watahenyeka. Afisa wa uhamiaji wa Marekani anataka njia ya kila dola, kuanzia ilipopatikana hadi ilipofika kwenye mradi. Sasa fikiria familia ya kwetu. Baba aliuza kahawa kwenye chama cha msingi miaka thelathini, akanunua lori la kwanza kwa taslimu, lori likazaa duka Dar es Salaam, duka likazaa nyumba ya wageni. Kila mtu kijijini anaijua historia hiyo. Kwenye karatasi haipo.

Anza na hesabu zilizokaguliwa na marejesho ya kodi ya TRA, kisha taarifa za benki, usajili wa magari, mikataba ya mauzo. Stakabadhi za kahawa zitafute hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu zinaeleza mwanzo. Kihamba kikiuzwa, muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Panahitajika hati, kama hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkataba, na malipo yaliyopita benki. Michango ya ndugu ndiyo migumu kuliko yote. Shemeji akikupa milioni 80, naye itambidi aeleze alizitoa wapi. Tumezoea daftari la kamati ya harusi lenye majina na ahadi, hilo usilipeleke.

Hatua ya tano: zungumza na benki kabla ya kusaini. Kupeleka mtaji nje si sawa na kulipa karo ya mtoto Nairobi. Kuna kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu. Pata jibu la benki kwa maandishi. Ukipitishia pesa kwa mtu mwenye dola zake Dubai, kazi yote ya hatua ya nne imekufa.

Hatua ya sita: rudi nyumbani ukae na wazee. Kadi ya kijani haikuvui uraia wa Tanzania. Kiapo cha uraia wa Marekani, miaka ya baadaye, kitakuvua, maana kwa mtu mzima sheria yetu haikubali uraia wa nchi mbili. Sheria ya Ardhi ya 1999 itakuhesabu si raia, na mtu asiye raia hagawiwi ardhi hapa ila kwa uwekezaji. Kama hadhi maalum ya diaspora, yaani ya wenye asili ya Tanzania walio nje, inabadilisha hilo ni suala la wakili wa ardhi, umuulize kabla. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba. Kama kitinda mimba ndiye anayeondoka, kikao kiamue sasa, mama akiwa bado anaweza kusema mwenyewe, masale ya mpakani nani atayatunza.