WANJIKU WAWILI, KITABU KIMOJA: SOMO LA HIFADHIDATA

Na Mtunza Vitabu wa Chama, Kidato cha Tatu

Mlezi wa chama ameniomba niandike somo kuhusu hifadhidata. Tafadhali usigeuze ukurasa! Najua kuna watakaosema, "Hayo ni maneno ya wale wa tarakilishi." La hasha. Haya ni maneno ya vitabu vyetu wenyewe, na ni maneno ya msichana mmoja aliyelipia kitabu ambacho hakukipoteza. Aliyemlipisha ni mimi.

KISA CHENYEWE

Nilipochaguliwa kuwa mtunza vitabu, nilikuta daftari la uazimaji limechanika na kurasa nyingine hazipo. Kwa kuwa tulikuwa tumesoma hifadhidata katika Kidato cha Pili, nikajipiga kifua nikasema nitaweka kila kitu ndani ya tarakilishi. Nilifungua programu ya Microsoft Access nikatengeneza jedwali moja tu lenye safu wima sita: jina, kidato, kitabu, mwandishi, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Nikaona nimemaliza kazi.

Sasa, sisi ni shule ya kutwa. Saa kumi jioni kila mtu anakimbilia nyumbani kabla ya mvua na kabla matatu hazijajaa. Watu walikuwa wakipanga foleni nami naandika mbiombio. Mara nyingi niliandika jina moja tu, na safu ya kidato nikaiacha wazi. Haraka haraka haina baraka, nasi hatukujua.

Mwisho wa muhula wa kwanza tulihesabu vitabu. Nakala moja ya Siku Njema haikuwepo. Nikatazama kwenye skrini: "Wanjiku", na tarehe ya kurudisha ilikuwa tupu. Shule zilipofunguliwa nikamwendea Wanjiku wa Kidato cha Pili.

"Nilirudisha," akaniambia.

"Tarakilishi haisemi uongo," nikamjibu kwa majivuno.

Akalipa shilingi 450. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hizo zilikuwa pesa zake za nauli. Mama yake huuza waru na kabeji sokoni Karatina, na yeye aliona haya kumwambia. Kwa wiki mbili alikuja shuleni kwa miguu, asubuhi ile ya baridi ambayo sote tunaijua.

Wiki ya tatu, hamadi! Wanjiku wa Kidato cha Nne akaja mlangoni na Siku Njema mkononi. "Pole katibu, nilikaa sana na kitabu cha chama." Jasho jembamba likanitoka. Kweli tarakilishi haikusema uongo. Ilisema nilichoiambia, na mimi sikuwa nimeiambia ni Wanjiku yupi.

JINA NI LA KUITWA

Mlezi wa chama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Kabla ya kutengeneza jedwali lako, uliwauliza watu gani watakaolitumia?" Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata nilimsaidia cucu kupeleka kahawa kiwandani. Ulikuwa msimu mdogo na foleni haikuwa ndefu. Nilimwona karani akipima kilo na kuandika namba ya mwanachama kabla hata ya kuuliza jina. Nikamwuliza, "Mzee, mbona namba kwanza?"

Akacheka. "Kijana, hapa nina akina Wanjiru wangapi? Jina ni la kuitwa. Namba ni ya kulipwa."

Maneno hayo yalinigonga. Hebu fikiria majina yetu. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Majina yanarudi kila kizazi. Tena majina mengi ya wasichana, kama Wanjiru, Wambui, Wanjiku na Wangari, yanahusishwa na mabinti wa Gikuyu na Mumbi wa Mukurwe wa Nyagathanga. Desturi hii ni nzuri, inaunganisha walio hai na waliotutangulia. Lakini kwa mtunza hifadhidata ni mtego, kwani katika darasa moja unaweza kupata Wanjiku watatu.

Kwa hivyo kila jedwali linahitaji UFUNGUO MSINGI, yaani safu ambayo thamani yake haijirudii kamwe na haiachwi tupu. Kwetu sisi ni namba ya usajili wa shule. Hakuna wawili wenye namba moja.

JAMBO MOJA, MAHALI PAMOJA

Wazo la kupanga data katika majedwali yanayohusiana si la juzi. Lilitolewa mwaka wa 1970 na Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, Marekani. Alisema mtumiaji asilazimike kujua data imehifadhiwa vipi ndani ya mashine. Aone majedwali tu, na aulize maswali. Mwaka wa 1981 alitunukiwa tuzo ya Turing, ambayo ni tuzo kubwa sana katika taaluma ya tarakilishi.

Kanuni ninayotaka uikumbuke ni hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Katika jedwali langu la kwanza, jina la mwandishi wa Utengano lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu: Said Ahmed Mohamed, Said A. Mohamed na S. A. Mohamed. Kwangu ni mtu mmoja. Kwa tarakilishi ni watu watatu. Ukitafuta vitabu vyake kwa jina la kwanza, vingine havionekani.

Tukavunja jedwali lile kuwa majedwali matatu: wanachama, vitabu na uazimaji. Nikawaita wanachama kumi waje walijaribu kabla sijalitumia. Na safari hii nilimwalika Wanjiku wa Kidato cha Pili pia. Alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Siku Njema ziko nne kabatini. Ikipotea moja, utajuaje ni ipi?"

Kimya! Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Kitabu kama kazi ya mwandishi ni jambo moja, na nakala unayoishika mkononi ni jambo lingine. Kwa swali hilo tukapata majedwali manne, tunayoyatumia hadi leo:

1. WANACHAMA: namba ya usajili, jina, kidato.
2. VITABU: namba ya kitabu, anwani, mwandishi.
3. NAKALA: namba ya nakala, namba ya kitabu.
4. UAZIMAJI: namba ya uazimaji, namba ya usajili, namba ya nakala, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha.

Tazama jedwali la 4. Halina jina la mtu wala anwani ya kitabu. Lina namba ya usajili, ambayo inatuelekeza kwenye jedwali la 1, na namba ya nakala, ambayo inatuelekeza kwenye jedwali la 3. Namba ya aina hiyo, iliyo ufunguo nyumbani kwake lakini mgeni katika jedwali lingine, huitwa UFUNGUO WA KIGENI. Uhusiano wenyewe ni wa mmoja kwa wengi: kitabu kimoja kina nakala nyingi, na mwanachama mmoja huazima mara nyingi. Mwaka ukiisha na watu wakipanda kidato, tunabadilisha jedwali la 1 peke yake.

MAKOSA TULIYOKUTANA NAYO

Usidhani mambo yalinyooka kama barabara ya lami. Haya hapa makosa matano, na jinsi yalivyotatuliwa. Mengi sikuyatatua mimi.

Kwanza, programu ilikataa kuweka ufunguo msingi kwenye jedwali la wanachama. Nilitaka kuachana na ufunguo kabisa. Jirani yangu wa dawati akasema, "Wacha tupange namba kwa mfuatano." Tukaona mtu mmoja ameandikwa mara mbili, Njeri na Njeeri, kwa namba ile ile. Mashine ilikuwa inatusaidia, sio kutusumbua.

Pili, namba za usajili zilipoteza sifuri ya mbele: 0312 ikawa 312. Sababu ni kwamba niliiweka safu hiyo kuwa ya tarakimu. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha, kama ya usajili au ya simu, iweke kuwa maandishi.

Tatu, niliomba orodha ya wanachama na nakala walizo nazo, nikaletewa safu mlalo 2,700! Nikadhani ni virusi. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne akauliza, "Wanachama ni wangapi? Na nakala?" Wanachama 60, nakala 45. Akazidisha: 60 mara 45 ni 2,700. Nilikuwa nimeweka majedwali mawili bila kuyaunganisha kupitia jedwali la uazimaji, kwa hivyo kila mtu alioanishwa na kila nakala. Ukiona majibu mengi ajabu, zidisha kwanza. Hesabu ikilingana, umesahau kuunganisha.

Nne, programu ilikataa kuingiza uazimaji wa nakala namba 46. Nikalalamika, kumbe nakala hiyo ilikuwa mpya na haijaandikwa katika jedwali la nakala. Huwezi kuazimisha kitu ambacho hakipo. Andika nakala kwanza, uazimaji baadaye.

Tano, na hili ndilo lililonitesa zaidi. Niliuliza ni nani hawajarudisha vitabu, nikaletewa orodha tupu. Nikashangilia ati hakuna mwenye deni! Mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa anasoma Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pale Nyeri, ndiye aliyenitoa gizani. Mimi nilikuwa nimeuliza kama tarehe ya kurudisha "ni sawa na" utupu. Lakini utupu hauwi sawa na chochote, hata na utupu mwingine, kwa sababu maana yake ni "haijulikani". Katika Access unapaswa kutumia maneno maalumu, Is Null. Nilipoyatumia, wadeni tisa wakajitokeza, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa mimi mwenyewe.

JINSI YA KUOMBA MSAADA

Siku ya kwanza niliyoomba msaada katika maabara nilisema tu, "Haifanyi kazi." Wenzangu wakacheka. Nilikuwa kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha ananyamaza. Siku hizi nafuata hatua hizi:

(a) Sema ulichotaka kupata.
(b) Sema ulichofanya, hatua kwa hatua.
(c) Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Usiufunge kabla ya kuusoma!
(d) Onyesha majedwali yako na mfano mdogo wa safu tano hivi, si hifadhidata nzima.
(e) Badilisha majina na namba za simu za watu kwenye mfano huo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 hapa Kenya inatutaka tutunze habari za watu, na hata bila sheria, siri ya mwenzako si ya kutembezwa.
(f) Ukisaidiwa, andika suluhisho katika daftari ili mwingine asihangaike. Daftari letu limo katika droo ya maabara.

Tena usiwaulize wajuzi wa tarakilishi pekee. Karani wa kahawa alinifunza ufunguo msingi kabla sijauelewa kitabuni. Na aliyegundua pengo kubwa zaidi katika mpango wetu ni yule niliyemdhulumu. Mwenye kuumia ndiye anayejua kiatu kinabana wapi.

ZOEZI

1. Duka la shule linauza madaftari na kalamu kwa mkopo. Pendekeza majedwali matatu, na utaje ufunguo msingi wa kila moja.
2. Kwa nini jina la mteja lisiandikwe katika jedwali la mikopo?
3. Umeuliza orodha ya wateja 20 na bidhaa 15, ukapata safu mlalo 300. Kosa liko wapi?

Majibu mniletee katika maabara siku ya chama.

TAMATI

Labda unauliza Wanjiku alifanyiwa nini. Nilimrudishia shilingi zake 450 mbele ya wanachama wote, nikamwomba msamaha kwa sauti ili kila aliyesikia lawama asikie na ukweli. Aliitikia kwa kichwa tu. Wiki iliyofuata alikuja maabara na orodha ya nakala zote 45, amezipa namba kwa kalamu ya wino ndani ya jalada, moja moja. Sasa ndiye msaidizi wangu, na nikimaliza shule hifadhidata ni yake.

Mpenzi msomaji, ukisikia mtu akisema "tarakilishi haisemi uongo", mwulize ni nani aliyeilisha hayo maneno, na kama aliuliza kabla ya kuandika. Kuuliza si ujinga. Nakutakia kila la heri katika mitihani, na tafadhali, kama una Utengano ya chama nyumbani, irudishe. Tunajua ni nakala gani.