Somo la Nafaka Iliyolowa na Hati za Mwenye Kuomba Kazi

Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye nafaka alipoulizwa alijibu kuwa imepigwa na mvua. Akaulizwa tena kwa nini asiiweke iliyolowa juu, watu wapate kuiona.

Fahamuni ya kwamba mtu yule hakuimwagia maji nafaka yake. Ilikuwa kavu kweli, kisha ikageuka; kosa lake ni kuuacha ukavu wa juu useme mahali pa umaji wa chini.

Kijana wa Mikindani au Msimbati apelekaye hati zake kwa tajiri wa meli hudhani kuwa khiyana ni kughushi tu. Khabari ya wenye kughushi ni dhahiri: Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea huko Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini.

Lenye kufichika ni cheti cha kweli kilichokwisha muda wake. Kwa mkataba wa mataifa juu ya mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, ofisa wa meli huhuisha cheti cha ujuzi kila miaka 5, na cheti cha afya hakipiti miaka 2. Basi aliyepimwa miaka 3 iliyopita, na macho yake tangu hapo yameingia ukungu, akiipeleka karatasi ile ile ameweka nafaka kavu juu. Atasema, tarehe imeandikwa, tajiri na aisome. Hata mnunuzi wa nafaka angaliweza kutia mkono mwenyewe, wala lawama haikuwekwa juu yake. Na katika zamu ya usiku wenziwe hulala wakiyategemea macho yale.

Wala haikatazwi mtu kujitaja kwa wema. Nabii Yusuf alipomwomba mfalme amweke juu ya hazina alitaja mambo mawili aliyokuwa nayo siku ile, uhifadhi na ujuzi. Wako wanaojinyima kwa haya: fundi aliyejifunza mashine za boti kwa mkono, Msanga Mkuu, huliacha jambo hilo kwa kuwa hana karatasi. Aliandike, na aandike kuwa karatasi hana.

Na yule aliyemtaja kuwa shahidi wake, amwendee kwanza, ajue kama yu radhi, na kama angali katika kazi ile.